Saa Yako na Hiyo ya Ambakisye

Baba,

Ndaga, Tata. Naanza na salamu, neno letu lilelile la shukrani, kwa sababu ulipokuwa hai sikuwahi kukupa hata moja. Miaka yote niliyokaa nyumbani kwako hapa Ngonga, mke wa mwanao Gwamaka na mama wa wajukuu zako, sikukusemesha, sikulitaja jina lako, sikukutazama usoni. Ukipita huku, mimi napita kule. Ukitokea ghafla, nageukia migombani mpaka umalize kupita. Ndivyo mkamwana anavyomheshimu baba mkwe wake kwetu, na wewe uliishika desturi hiyo kuliko hata mimi. Siku ya mazishi, watu walipopanga mstari kukuaga, nilibaki nyuma ya nyumba na masufuria. Uso wako naujua kwa picha ya kitambulisho chako cha bandarini, ambayo Mama ameiweka ndani ya Biblia.

Kwa hiyo usishangae kuona mwandiko usioujua. Ni mimi, mama Sekela. Nimekaa kizingitini, mpunga umeanikwa uani mbele yangu, na nina hasira ambayo nimetafuta mtu wa kumpa nikakosa. Nataka nikueleze habari za saa ya mwanao mkubwa.

Siku ya kuanua matanga Ambakisye alikuja na pikapu kutoka Mbeya. Unajua jinsi hii biashara ya ruksa, tangu serikali ifungue milango, ilivyomkubali: vitenge vya Malawi, redio za Dubai, vipuri, chochote kinachoweza kupita mpakani Kasumulu, kwa karatasi au bila karatasi. Zamani tulipanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni. Leo mwanao anachelewa kanisani kwa sababu hajui avae koti lipi. Alipoketi, kabla hata ya kumpa Mama pole, alipandisha mkono wa shati. Halafu akaivua ile saa, akaitoa izunguke kwa jamaa, na jamaa wakaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Ni saa ya kifahari, alisema, tena ya michezo. Mchezo gani, hakusema. Mimi mwanzoni nilidhani ni ya bandia, maana mjini Kyela siku hizi kila duka lina sanduku la kioo lililojaa saa za dhahabu zinazobabuka ukinawa mikono. Lakini ni ya kweli, Baba. Fundi saa wa sokoni aliifungua akaapa. Ndiyo aibu yenyewe hiyo. Kuna watu walikwenda shule, wakakaa mezani na penseli, wakachora kitu kile kwa makusudi.

Ilipofika kwa wanawake niliishika. Nzito mpaka kiganja kinashuka. Nusu chuma, nusu dhahabu, kana kwamba waliishiwa dhahabu njiani wakaona aibu kurudi. Ndani ya uso wake kuna nyuso nyingine tatu ndogo, kila moja na mshale wake, na kila mshale una safari zake binafsi. Tarehe wameiwekea kioo cha kukuza kilichotuna juu kama jipu. Pembeni ina vitufe viwili ambavyo mwenyewe haviminyi kwa sababu anaogopa vitaharibika. Nasikia ndiyo mtindo: kila mwaka saa zinakua, mikono ya watu inabaki ileile. Na kuzunguka kioo kuna pete ya dhahabu yenye tarakimu. Nikajaribu kuizungusha. Haikwenda.

"Shemeji," nikamwuliza, "hii pete mbona imeganda?"

Akacheka akawatazama wanaume wenzake. "Hiyo ni ya kupimia mwendo wa gari la mashindano, shemeji. Wewe huwezi kuelewa."

Gari la mashindano! Mvua ikinyesha kidogo tu, pikapu yake inasukumwa na wanakwaya kutoka hapa mpaka barabara kubwa, yeye akiwa ndani na viatu vyake vyeupe. Nikampa saa yake.

Yako niliijua kabla sijaujua mkono ulioivaa. Ulikuwa ukiiacha juu ya tofali ukienda kuoga, nami nikipita na ndoo nilikuwa naitazama bila kuigusa, maana vitu vya baba mkwe havishikwi. Ndogo, ya chuma kitupu. Kioo kimekwaruzika. Uso mweusi uliopauka, na zile namba zinazowaka gizani zimegeuka rangi ya uji wa ulezi. Mishale minene miwili na mmoja mwembamba, basi. Unaisoma ukiwa mbali, unaisoma hata ukiwa na jasho machoni. Haina tarehe, na hakuna aliyekufa kwa kukosa tarehe. Mkanda ulipokatika ulishona mwingine kwa turubai ya meli. Na pete yake inazunguka, tik, tik, tik, nilikuwa naisikia hata nikiwa jikoni.

Mama ndiye aliyenieleza pete ile ilikuwa ya nini. Enzi zako Itungi ulikuwa mzamiaji wa bandari. Kamba ikijisokota kwenye pangaboi la meli, wewe ndiye uliyeshuka. Mzungu fundi aliyekufundisha kushuka na mtungi wa hewa alikuachia saa yake alipoondoka kwenda kwao. Kabla ya kuzama unaizungusha pete, unaweka alama pale ambapo mshale utafika hewa ikikaribia kwisha. Mshale ukigusa alama, unapanda, hata kama kamba bado imenasa. Aliyechora saa hiyo alimfikiria mtu aliye chini, kwenye giza, mwenye pumzi za kuhesabika. Aliyechora hiyo ya Ambakisye alimfikiria mtu aliyekaa baa, mkono juu ya meza.

Ulipostaafu uliipa ile pete kazi nyingine, na hilo halijui mtu ila mimi na Mama. Asubuhi baada ya chai ulimwambia Mama kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili ipite ukutani: "Mimi naenda kwenye kakao. Narudi saa saba." Kisha nasikia tik, tik, tik, unaweka alama kwenye saa saba. Ukishaondoka, uwanja wangu. Natwanga, naanika, naimba kwa sauti yangu mbaya, nafunga kanga nipendavyo, sitazami nyuma. Wenzangu walioolewa Talatala waliishi sikio moja nje kutwa nzima, kwa kuwa baba wakwe zao walikuwa wakitokea tu, mtu anatupa mchi anakimbia. Mimi nilikuwa na asubuhi yangu nzima. Katika ndoa hii sijapewa kitu kingine kinachoifikia ile asubuhi.

Na ile mvua, Baba. Wingu lilitoka ziwani likaangusha kabla hata halijanguruma, nami nina mpunga uani na mtoto mgongoni. Nilikusanya, nikakunja mikeka, nikaingiza mmoja mmoja. Kumbe wewe ulishakimbia kutoka kwenye kakao na ulikuwa umesimama nyuma ya migomba, hatua chache tu, mvua yote inakuishia mwilini, mpaka nilipoingiza mkeka wa mwisho. Mama alikukuta umelowa chapachapa akakugombeza sana. Ungekohoa tu, alisema, mtoto wa watu angekupisha. Nilikusikia ukimjibu: "Saa yake ilikuwa haijaisha."

Nililia jikoni siku ile nikasingizia moshi.

Ulipougua, kuna siku Mama alikwenda kukuchukulia dawa, ikabidi mimi nikuletee uji. Niliupitisha kando ya pazia, uso nimeugeuzia ukutani. Mkono ukaja kuupokea. Ulikuwa umekonda hivi kwamba saa ilikuwa inateleza juu na chini. Ukasema, "Ndaga, mwanangu." Hukupaswa kusema. Nami sikujibu kwa sababu hairuhusiwi. Leo ndiyo nakujibu. Hukuwa na deni la kunishukuru, Baba. Mimi ndiye.

Turudi kwenye matanga. Vitu vyako vililetwa mbele ya jamaa juu ya sinia: miwani, kofia, saa. Saa ilikuwa imesimama tangu ulipovuliwa. Ambakisye aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Hili kopo," akasema. "Mzee alistahili saa. Mimi ningemnunulia."

Nani alimzuia kununua, sijui. Gwamaka alicheka kwa kuwa kaka yake amecheka. Hiyo ndiyo kazi yake siku hizi. Mama hakucheka. Aliichukua, akaipandisha mpaka karibu na kiwiko kwa sababu mkono wake ni mwembamba, akarudi kwenye ungo wake. Hakumaliza kupepeta ungo mmoja, saa ikaanza kutembea, naye akairekebisha majira. Haitaki betri ile, inataka mkono wenye kazi, na kwa Mama haijasimama tena. Ambakisye anajivunia kwamba yake ina betri, haihitaji kutikiswa. Kweli kabisa. Ni saa isiyojali kama mwenyewe yuko macho au amelala, na kwa mtu kama yeye hiyo ni faida.

Sasa sikia kilichonitia kalamu mkononi. Wazee walimkalisha kwenye kiti chako, kama mzaliwa wa kwanza. Mimi sina neno na hilo. Lakini alipokaa tu, akatangaza: "Kuanzia leo baba wa nyumba hii ni mimi. Mkamwana anipishe kama alivyompisha marehemu." Mzee mmoja akasema zamani kweli kulikuwa na mambo hayo. Wengine wakatazama miguu yao. Mkamwana wa nyumba hii ni mimi peke yangu, kwa hiyo maneno yalijua yanakokwenda. Mtu ambaye asubuhi ni shemeji yangu, ninamtania, namnyang'anya soda mkononi, jioni amekuwa baba mkwe! Kwa saa yeye ni mtu wa kisasa. Kwa mkamwana ni mtu wa kale. Na katika mambo yote ya kale amechagua hilo moja, la watu kumkimbia.

Nilikubali. Nilidhani anarithi yote. Nikamwomba Mama amwulize atakuwa anakuja saa ngapi, ili nijipange. Jibu lililorudi ni hili: "Nitakuja nikija."

Akawa anakuja akija. Asubuhi, mchana, jua linazama, na marafiki wa biashara wanaotaka wali wa Kyela na samaki wa ziwani. Pikapu inapiga honi kule kwenye migomba, mimi naacha nilichoshika nakimbia. Kuna siku nilikuwa nimeipua sufuria ya maharage yanachemka, honi ikalia, nikakimbia nayo kwa sababu hakuna pa kuiweka. Niliteleza. Maharage yakanimwagikia mguuni. Nimelala kwenye matope nyuma ya jiko, nauma kanga nisipige kelele, namsikia mwanao akiwaambia wageni wake: "Mnaona? Kyela heshima bado ipo."

Kidonda kilinikaa msimu mzima wa palizi. Nilikuwa nakitazama kila jioni nikikisafisha kwa maji ya chumvi, na nilichokuwa nakiona si moto wala maharage. Nilikuwa namwona mtu mwenye mali ya thamani mkononi, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu hapa duniani, naye hata hajui kazi hiyo ni ya kumsaidia nani.

Mara iliyofuata sikukimbia. Nilikuwa naanika mpunga. Honi ikalia, nikaendelea kutandaza. Ikalia tena, ndefu. Nikanyoosha mgongo, nikageuka, nikamtazama usoni anashuka kwenye gari. Ni uso wa kawaida tu, Baba, umeanza kidevu cha pili.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Ni saa ngapi?"

Ungekuwepo! Ilibidi atazame, maana marafiki zake walikuwa wanamtazama yeye. Jua likapiga ile dhahabu, likapiga kile kioo cha jipu. Akaugeuza mkono huku, akaugeuza kule, akaweka kivuli kwa kiganja, akaanza kutafuta katika mishale yote ile ni ipi yenye habari. Mama alikuwa kibarazani anapepeta. Akatupia jicho kwenye kiwiko chake, ungo haukusimama. "Saa nne na nusu," akasema.

Kesho yake kikao kikaitishwa. Shtaka: nimemvunjia heshima baba wa nyumba. Nitoe ng'ombe wa kumsafisha, na kama sina, nirudi kwetu Busale, watoto wabaki. Ambakisye alilisema hilo la watoto bila kutoa mkono mfukoni. Nilimtazama Gwamaka. Gwamaka alikuwa anachezea saa yake, maana naye kanunua ya kufanana na ya kaka yake, zile za kwenye sanduku la kioo, na kifundo cha mkono kimeshaanza kuwa kijani. Hakuinua kichwa. Mume wangu, baba wa Sekela, mbele ya watu wanaotaka kunitenga na wanangu, anafuta kioo kwa kidole gumba.

Baba mdogo Lutengano, mdogo wako, ndiye aliyeongoza kikao. Unamjua, hana haraka. Aliniuliza: "Mama Sekela, kwa nini hukumpisha?"

Nikamjibu. "Nitampisha, baba. Aseme tu saa zake za kuja, sitaonekana uani."

Baba mdogo akamgeukia Ambakisye. "Haya, sema. Marehemu alikuwa anasema."

Na mwanao, mwenye saa ya kupimia magari ya mashindano, mwenye mishale ambayo hata idadi yake haijui, akajiegemeza kwenye kiti chako akajibu: "Mimi ni mtu wa biashara, baba mdogo. Siwezi kufungwa na saa."

Ningependa kukuambia watu walicheka. Hawakucheka. Mama ndiye aliyesimama. Alikung'uta kanga yake, pumba za mpunga zikaanguka.

"Kiti umepata," akamwambia. "Baba wa kupishwa bado hujawa."

Baba mdogo hakuongeza mengi. Ng'ombe hakuna, alisema, na mama Sekela habanduki hapa. Akafunga kwa sala fupi. Ambakisye aliondoka bila kula, na ameapa hatakanyaga uani mpaka nikamwombe radhi Mbeya. Asubiri. Ana saa nzuri ya kusubiria. Gwamaka ananisemesha kwa mambo ya chakula tu, nami najibu ya chakula tu. Labda siku moja ataona haya, labda hataona. Sikuolewa na wewe, Baba, niliolewa na yeye, na kazi ya kumfundisha nimebaki nayo mimi.

Kwa hiyo sasa uwanja ni wangu kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakuna honi. Naweza kulala katikati yake nikitaka. Nilidhani nitafurahi. Lakini ikikaribia saa saba mikono yangu inaacha kazi yenyewe. Nakunja mkeka, naingia jikoni, naurudishia mlango, nasimama pale kwenye moshi nikiwa nimetega sikio. Hakuna anayekohoa. Mama ananiona kila siku na hajaniuliza kitu. Siku moja nilimkuta naye amesimamisha ungo.

Nimekuchukia kidogo pia, kwa kufa. Nalisema kwa sababu sasa naweza kukuambia lolote.

Nakuahidi Ambakisye hatanikimbiza tena, wala mwingine yeyote atakayekalia kiti kile, hata akija na saa kubwa kama sinia. Heshima ile nilikupa wewe. Sikukipa kiti. Wanangu wa kiume nitawafundisha kusema saa ya kurudi, na kuingoja hata mvua ikinyesha.

Lala salama, Baba. Mama anasema kwenye saa yako ni karibu saa saba. Naacha kuandika, nakunja mkeka, naingia ndani.

Pita.

Mkamwana wako,
Mama Sekela